CHEMIROCHA: MAISHA YA JIMMIE RODGERS



Mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alitaka kila mwanachama wa kidato cha tatu aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Kama kawaida watu walikimbilia majina yale yale. Wengi walimchukua Tom Mboya, wengine Koitalel arap Samoei, na msichana mmoja akamdaka Siti binti Saad kabla mtu mwingine hajamfikiria. Zamu yangu ilipofika nikasema nitaandika juu ya Jimmie Rodgers. Kimya. Wakauliza huyo ni nani. Nikasema ni yule Chemirocha. Lo! Darasa lilicheka mpaka wa darasa la pili yake wakachungulia dirishani. Ati Chemirocha si mtu, ni maneno ya wazee.

Sikuwalaumu. Hata mimi hadi mwaka jana nilidhani hivyo. Nilipokuwa mdogo, nikishindwa kutulia wakati wa kula, kogo, yaani nyanya yangu mzaa baba, alikuwa akiniita Chemirocha. Kwa alivyoelewa yeye, hicho ni kiumbe kisichoweza kuacha kucheza, juu mtu, chini miguu ya swara. Nikakua nikijua kwamba ni jambo la hadithi za jikoni, ndugu yake zimwi. Kumbe alikuwa mtu wa kweli, mwenye mke na mtoto na kifua kibovu, aliyefariki tarehe 26 Mei 1933 akiwa na umri wa miaka 35, mbali sana na hapa. Hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja.

Aliyenifumbua macho ni mjomba wangu. Yeye huendesha lori la kubeba majani chai kutoka vituoni hadi kiwandani. Katika likizo ya Agosti alinibeba mpaka Litein mjini, na ndani ya lori lake hakuna kingine ila kantri. Ninyi mnawajua watu wa huku na kantri: harusini kantri, kwenye matatu kantri, Jumapili mchana redioni kantri. Basi ukaja wimbo wa zamani sana, unakwaruza kama mahindi yanayokaangwa, mtu mmoja na gitaa lake. Katikati ya wimbo sauti ikaruka juu ghafla, ikavunjika, ikarudi chini, ikaruka tena, kama mtoto anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe. Mjomba akaniambia huyo ndiye baba wa wanakantri wote, tena ndiye Chemirocha wa kogo wako. Nilidhani ananitania. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimtafuta, katika simu ya kaka yangu na katika vitabu viwili vya kuazima, na haya ndiyo niliyoyapata.

James Charles Rodgers alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897. Mji aliouita kwao ni Meridian, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Baba yake, Aaron, alikuwa msimamizi wa kikosi cha kutengeneza reli. Mama yake, Eliza, alifariki mtoto akiwa hata miaka saba hajatimiza. Tangu hapo akawa wa kulelewa huku na huku, leo kwa jamaa, kesho kambini kwa baba.

Shule haikumkaa. Alipokuwa na miaka kama 13 alishinda shindano la kuimba pale mjini, na ushindi ukampanda kichwani. Akatoroka na kundi la maonyesho, yale ya kuzunguka mji hadi mji wakiuza dawa na kuimba. Baba yake alimfuata, akamrudisha nyumbani na kumwekea mambo mawili mbele: shule au reli. Akachagua reli. (Mwalimu, usinikasirikie, mimi nasimulia tu.)

Alianza kwa kuchota maji. Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana ndipo muziki wake ulipozaliwa. Vikosi vya kutengeneza reli katika nchi ile vilijaa vibarua Weusi, na watu hao walifanya kazi kwa nyimbo. Huwezi kuinua chuma cha reli mkiwa kumi bila mmoja kuanzisha na wengine kuitikia. Ni kama sisi tunavyosukuma matatu iliyokwama kwenye matope ya mwezi wa Aprili: asipopatikana wa kuhesabu, kila mtu anasukuma kivyake na gari halitoki. Kijana yule alipita katikati yao na ndoo yake, akasikiliza. Kwao alijifunza nyimbo zao za huzuni, zile zinazoitwa bluzi, namna yao ya kusema, na namna ya kushika gitaa na banjo. Wakati huo sheria za kusini mwa Marekani ziliwatenga Weusi na Weupe shuleni, ndani ya garimoshi, hata hospitalini. Nyimbo zilipita katikati ya sheria hizo. Sifa haikupita. Waliomfundisha majina yao hayakuandikwa kwenye santuri yoyote.

Alipokomaa akawa mtu wa breki. Wengi wetu hatujawahi kupanda garimoshi, kwa sababu reli iliyo karibu nasi ni ile ya kwenda Kisumu inayopita Londiani na Kipkelion, kwa hiyo nieleze. Mtu wa breki alikuwa mfanyakazi wa garimoshi la mizigo. Yeye ndiye aliyeunganisha mabehewa na kuyafungua, aliyepanda juu yake safari ikiendelea, aliyetoa ishara kwa taa usiku, mvua inyeshe isinyeshe. Moshi ulikuwa chakula chake. Kazi yenyewe haikuwa ya kudumu, kwani shehena zikipungua walipunguzwa watu kwanza. Akawa anatembea jimbo hadi jimbo akitafuta kibarua, gitaa mgongoni.

Mwaka 1917 alimwoa Stella Kelly, na ndoa hiyo haikukaa. Mwaka 1920 akamwoa Carrie Williamson, binti wa mchungaji. Mwaka uliofuata wakapata binti, Anita. Kisha akazaliwa wa pili, June, ambaye hakufikisha mwaka. Alifariki Desemba 1923 baba akiwa mbali akitafuta riziki, na inasimuliwa kwamba ilimbidi aweke rehani banjo yake ili apate nauli ya kurudi kumzika mtoto. Nilipofika hapo katika kitabu nilikifunga kwanza.

Carrie alikuwa na dada aitwaye Elsie McWilliams, na huyu sitaki apite bila kutajwa. Elsie alikuwa mpiga piano. Jimmie hakujua kusoma noti hata moja. Walipounda bendi ndogo ya kupiga dansi pale Meridian, Elsie ndiye aliyekaa kwenye piano, na baadaye Jimmie alipohitaji nyimbo haraka za kurekodi, shemeji ndiye aliyetunga. Alishiriki kutunga zaidi ya nyimbo 30. Watu wanaposema Jimmie Rodgers alitunga hiki na kile, mara nyingi nyuma yake yupo mama mmoja, mwalimu wa nyimbo za kanisani, ameinamia piano yake. Nilipomweleza hayo dada yangu alisema kwamba si ajabu, ndivyo mambo yalivyo hata jikoni.

Mwaka 1924 akaanza kukohoa damu. Madaktari wakasema ni kifua kikuu.

Ndugu msomaji, nilikuwa nimepanga kupita haraka hapa lakini sitaweza. Kaka yangu mkubwa, ambaye ninaazima simu yake, aliugua ugonjwa huo huo. Yeye huchuma majani chai. Alikohoa miezi zaidi ya miwili, na nyumbani tulisema ni umande wa asubuhi, ni baridi ya huku kwetu, ni moshi wa jikoni. Alikonda mpaka mshipi wa suruali ukatobolewa tundu mpya mara tatu. Alipopimwa makohozi na ukweli ukajulikana, mtu mmoja pale nyumbani alikitia alama kikombe chake kwa msumari ili kisichanganyike na vingine. Mtu huyo ni mimi. Hakuna aliyenituma. Kaka aliiona ile alama, akanywa chai yake, hakusema neno. Alimeza dawa miezi sita bila kuruka siku, akapona, na leo anachuma kama kawaida. Kikombe bado kipo.

Jimmie hakuwa na dawa hizo. Streptomaisini, dawa ya kwanza iliyoweza kuua vijidudu vya kifua kikuu, iligunduliwa mwaka 1943, yeye akiwa kaburini miaka kumi. Wakati wake mgonjwa aliambiwa apumzike, ale vizuri, atafute hewa safi ya milimani. Kupumzika ni kwa mwenye mali. Yeye alikuwa na familia, na reli haikumtaka tena na kikohozi kile. Kikambakia kitu kimoja tu mkononi, nacho ni gitaa. Ndiyo maana nasema hakuacha kazi akaenda kuimba kwa raha zake. Ugonjwa ulimfungia milango yote, ukasahau mmoja.

Mwaka 1927 alihamia Asheville, mji wa milimani katika jimbo la North Carolina, kwa ajili ya hewa. Pale akapata nafasi ya kuimba redioni pamoja na vijana wa kundi liitwalo Tenneva Ramblers. Wakasikia kwamba mzee mmoja wa kampuni ya santuri ya Victor, Ralph Peer, amefika mji wa Bristol na mitambo yake, anatafuta waimbaji wa mashambani. Wakaenda. Usiku wa kuamkia siku ya kurekodi wakagombana, na wale vijana wakamwacha wakaamua kurekodi peke yao. Mchana wa tarehe 4 Agosti 1927 akaingia chumbani akiwa yeye na gitaa. Nadhani huo ndio ugomvi uliomfaa kuliko yote maishani, maana katika kundi angekuwa sauti moja kati ya kadhaa. Akaimba nyimbo mbili, akapewa dola 100. Siku zizo hizo, mjini humo humo, ndipo Peer aliporekodi kwa mara ya kwanza ile jamaa ya Carter, ambao nao walikuja kuwa nguzo za kantri. Kwa hiyo Bristol ni kama chemchemi ya mto.

Nyimbo hizo mbili hazikuuza sana. Mwingine angengoja barua. Huyu akapanda garimoshi hadi New York bila kualikwa, akampigia Peer simu, na kumwambia yupo mjini, yu tayari kurekodi tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame! Tarehe 30 Novemba 1927, huko Camden, New Jersey, akarekodi wimbo ambao santuri iliuita Blue Yodel. Ni bluzi ya Weusi aliyoijua tangu ndoo ya maji, na mwisho wa kila ubeti anaipasua sauti kwa yodeli, ile ya kuvuka kijito niliyoeleza. Yodeli asili yake ni milima ya Ulaya, na Marekani ilikuwa ikisikika katika maonyesho ya kuzunguka. Vitu viwili ambavyo havikuwa na haja ya kukutana vikakutana kinywani mwake. Santuri hiyo iliuzwa kwa malaki, na kuanzia hapo hakuwa tena mtu wa kutafuta kibarua.

Ya utajiri wake nitayasema kwa ufupi kwa sababu utajiri wote unafanana. Alinunua magari. Alitengenezewa gitaa na kampuni ya Martin, jina lake likapachikwa kwa lulu ya chaza kwenye shingo yake, na mgongoni mwa gitaa kukaandikwa neno la kushukuru, limepinduliwa, ili akimaliza kuimba aligeuze na watu walisome. Mwaka 1929 alijenga jumba huko Kerrville, Texas, kwa sababu hewa kavu ya kule ilisifiwa kuwafaa wenye kifua. Mwaka huo huo akaingia kwenye filamu fupi amevaa nguo za mtu wa breki, na jina la Mtu wa Breki Aimbaye likamganda. Wakati huo alikuwa hawezi hata kubeba taa ya garimoshi kwa zamu moja. Kuna picha amevaa kofia ya reli, ametabasamu, dole gumba zote mbili juu. Ukimwangalia mashavu utajua.

Jambo moja la miaka hiyo linanifurahisha kuliko magari. Tarehe 16 Julai 1930, mjini Los Angeles, alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta Mweusi ambaye dunia nzima inamjua, na kwenye piano aliketi Lil Hardin Armstrong, mke wake Louis. Yule mtoto wa ndoo alirudi kwa walimu wake, safari hii mbele ya mitambo. Lakini santuri ilipotoka, majina ya Armstrong na mkewe hayakuandikwa juu yake. Nimekwisha sema kuhusu sifa.

Kisha dunia ikaingia katika uchumi mbaya ulioanza mwaka 1929. Mtu asiye na unga hanunui santuri. Mapato yake yakapungua, jumba la Kerrville likamshinda akaliuza, na ugonjwa ukazidi. Januari 1931 alizunguka Texas na Oklahoma na mchekeshaji maarufu Will Rogers, ambaye hawakuwa ndugu ingawa majina yanakaribiana, wakichangisha fedha za Msalaba Mwekundu kwa walioathiriwa na ukame. Yaani mgonjwa akiwachangia wenye njaa. Mwezi huo huo, katika mji wa San Antonio, akarekodi wimbo juu ya kifua kikuu chenyewe. Anautaja ugonjwa kwa jina, anakiri kwamba anapigana nao na hatashinda. Siku hizo watu waliuficha ugonjwa huo kama aibu. Wengine walikuwa wakitia alama vikombe. Yeye akauweka kwenye santuri ukauzwa dukani.

Mei 1933 alikwenda New York mara ya mwisho, na muuguzi pembeni. Alihitaji fedha za kumwachia Carrie na Anita. Kati ya tarehe 17 na 24 alirekodi nyimbo 12. Kampuni ilimwekea kitanda kidogo karibu na chumba cha kurekodia. Aliimba wimbo mmoja, akalazwa, akangoja pumzi irudi, akainuliwa, akaimba mwingine. Nimezisikiliza nyimbo hizo kwa makini nikitega sikio nisikie kikohozi. Hakipo. Baada ya siku mbili, usiku wa tarehe 26 Mei, alifariki katika hoteli aliyokuwa amefikia, damu ikimtoka kifuani. Jeneza lilirudishwa Meridian kwa garimoshi, na inasimuliwa kwamba dereva alipokaribia mji alipiga honi kwa sauti ya chini mpaka kituoni. Alikuwa amerekodi nyimbo zaidi ya 100 kwa miaka sita isiyotimia. Mwaka 1961, Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri lilipofunguliwa ukurasa wake wa kwanza, jina lake lilikuwa miongoni mwa matatu ya mwanzo.

Sasa alifikaje huku kwetu? Santuri zake ziliuzwa hadi Uingereza, Afrika Kusini, India na Australia, na palipokuwa na Mwingereza palikuwa na gramafoni. Miaka ile ya ishirini na thelathini nchi ya Kericho ilikuwa ikijaa mashamba ya chai, na mameneja, walowezi na wamishonari walikuja na masanduku yao. Inasemekana ndivyo babu zetu walivyomsikia. Hebu fikiri. Sanduku linafunguliwa, linazungushwa mkono, na mtu ambaye hayumo ndani anaanza kuimba. Tena haimbi kama Wazungu wa kanisani. Ana nyuzi kama chepkong yetu, na sauti inaruka. Unauliza ni nani huyo, unaambiwa Jimmie Rodgers. Ulimi wa Kipsigis ukaligeuza jina likawa Chemirocha. Wanaojua lugha yetu watacheka: kwetu Kimutai ni mvulana na Chemutai ni msichana, Kipkoech na Chepkoech vivyo hivyo. Kwa hiyo jamaa wa breki akabatizwa jina linaloanza kama la binti.

Mwaka 1950 Mwingereza aitwaye Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi nyimbo za wenyeji, alifika Kapkatet, hapo hapo Kapkatet tunapopita tukienda Sotik. Alirekodi nyimbo tatu zenye jina la Chemirocha. Ile iliyovuma ni ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wa Kipsigis, chepkong ikikwaruza chini ya sauti zao. Tracey akaandika kwamba Wakipsigis wanamwona Chemirocha kuwa nusu mtu nusu swara, na kwamba wasichana wanamwalika acheze kwa nguvu mpaka nguo zimvuke. Tangu hapo wageni wengi wamerudia kwamba babu zetu walimwabudu Jimmie Rodgers kama mungu. Mimi nakataa. Mungu gani unamwambia acheze hadi suruali imwanguke? Hao ni wasichana wanaomtania mgeni, kama wanavyotutania sisi tukienda kuteka maji. Swara pia ni utani. Ukimsikia mtu asiye na mwili anaruka hivyo kwa sauti, si utamwazia miguu inayofanana nayo?

Santuri za Tracey zilikwenda Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Wimbo wa Kapkatet ukasikilizwa London na New York na watu wasioweza kuionyesha Kapkatet kwenye ramani, huku sisi wa Litein hatuusikii. Ni katika miaka ya 2010 ndipo maktaba hiyo, pamoja na Ketebul Music ya Nairobi, walipozirudisha rekodi hizo huku na kuwatafuta wazee waliokuwepo siku ile. Miaka zaidi ya sitini! Jimmie alisafiri kutoka New York hadi Kapkatet kwa muda mfupi kuliko wimbo wa Kapkatet ulivyotumia kurudi Kapkatet.

Katika mkutano wa chama, mwenzangu mmoja alisimama akasema ni aibu mtoto wa Kipsigis kuandika juu ya Mzungu wa Marekani wakati tunao waimbaji wetu. Alipigiwa makofi. Nilimjibu kwamba waimbaji wetu ndio walionipeleka kwa Mzungu huyo. Bila Chemutoi Ketienya nisingemtafuta. Akasema basi ningeandika juu ya Chemutoi. Hapo alinibana kweli, na sijui kama nimekwisha kujinasua. Mwakani, Mungu akipenda, nitatembea Kapkatet na daftari niwaulize wazee mwenyewe.

Jumamosi iliyopita niliziweka nyimbo zote mbili kwenye simu ya kaka nikampelekea kogo jikoni. Nilianza na wasichana. Alisikiliza ameshika mwiko, akaomba nirudie, na mara ya pili midomo yake ilikuwa ikienda pamoja nao. Kisha nikampigia Jimmie, mmoja wa zile za Mei 1933. Akanyamaza mpaka mwisho. Akaniuliza kama mtu huyu alikuwa mgonjwa. Nikamuuliza amejuaje, maana hakuna kikohozi hata kimoja mle ndani. Akasema anavuta pumzi kama kaka yako mwaka jana. Kaka alikuwa ameketi mlangoni, kikombe mkononi, akacheka, akaomba aongezewe chai.